Uso wa Mama Mdogo Si Shamba la Majaribio

Leo sitaandika siasa. Bei ya ufuta na korosho nayo isubiri. Leo naandika kwa hasira, na ukimaliza kusoma uniambie kama nimekosea.

Juzi nilishuka Kilwa Masoko kusalimia. Nikamkuta mama yangu mdogo amejitanda mtandio mpaka machoni, saa tano asubuhi, tena ndani ya nyumba. Namuuliza, mama mdogo unaumwa? Ananijibu, "Jua limenichoma, mwanangu." Jua gani? Mama huyu miaka nenda rudi amelima mwani baharini, jua halijamshinda! Nikamwomba anionyeshe. Alipofunua uso nilikosa la kusema. Mashavu mekundu kama yamemwagiwa maji ya moto, ngozi inabanduka.

Akanitolea tyubu. Dukani waliambiana ni krimu ya kuondoa makunyanzi. Harusi ya bintiye ilikuwa inakaribia, akataka apendeze. Kosa liko wapi? Bibi zetu walisinga liwa, kujipamba si dhambi. Basi akapaka asubuhi na jioni, miezi minne. Mwanzo watu walimsifia. Alipoacha kwa wiki mbili tu, uso ukawaka.

Nimeisoma hiyo tyubu. Ndani yake mna dawa tatu: haidrokwinoni ya kufifisha rangi, steroidi ya kutuliza uvimbe, na tretinoini, ambayo ni retinoidi, jamaa ya vitamini A. Na kwenye boksi imeandikwa kwa Kiingereza, herufi kama mayai ya chawa, kwamba iuzwe kwa cheti cha daktari tu. Mama yangu mdogo angeisoma saa ngapi?

Najua wapo watakaodakia: "Si tulishasema mkorogo mbaya!" Hapo ndipo ninapogombana nanyi. Tretinoini si mkorogo. Ni dawa ya kweli. Marekani iliidhinishwa kwa chunusi mwaka 1971, na mwaka 1995 kwa mikunjo midogo ya uso. Inaharakisha ngozi kujibadilisha na inaamsha kolajeni. Tatizo ni dawa ya daktari kuuzwa kama sabuni ya kuogea.

Mmoja wa walioipa umaarufu dawa hiyo ni Dk. Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Yeye na mwenzake ndio waliochapisha mwaka 1975 ule mchanganyiko wa dawa tatu, kwa ajili ya madoa. Lakini Kligman huyo huyo, kwa miaka mingi hadi 1974, alifanyia majaribio ngozi za wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, wengi wao watu weusi. Dunia ililaani. Sasa sisi tunajaribiwa kwa hela zetu wenyewe, na hakuna hata anayeandika matokeo!

Haya, mwenye duka angepaswa kumwambia nini mama mdogo? Mambo machache tu.

Retinoidi ya nguvu hupakwa usiku, kwenye uso uliooshwa na kukauka. Kiasi cha punje moja ya mbaazi kinatosha uso mzima. Macho, midomo na pembe za pua uziepuke. Anza na ile hafifu, asilimia 0.025, kila baada ya siku mbili, kisha losheni ya kulainisha ngozi juu yake. Ikiwasha sana, pumzika. Usiongeze ukidhani ndiyo inafanya kazi, maana ngozi nyeusi ikiungua huacha madoa meusi, na utatumia miezi kufukuza madoa uliyojiletea mwenyewe. Mabadiliko ya makunyanzi yanataka miezi mitatu hadi sita, si wiki ya harusi.

Mchana ni losheni ya kukinga jua, kofia pana na mtandio. Kwa jua letu la Kilwa na Lindi, asiyeweza kujikinga na jua heri asianze kabisa. Mjamzito au anayetafuta mtoto asiiguse. Na ile yenye dawa tatu ni ya madoa, hutumika kwa wiki chache, si zaidi ya nane, chini ya macho ya daktari. Steroidi ikizidi hukondesha ngozi, na ukiiacha uso hulipuka. Haidrokwinoni ya muda mrefu inaweza kuacha weusi wa bluu usiotoka. Aliyekwisha kuitumia miezi mingi aende hospitali na tyubu yake mkononi.

Hayo yanasemeka kwa dakika tatu. Mbona hayasemwi?

Sheria ya chakula, dawa na vipodozi ilitungwa mwaka 2003. Haidrokwinoni, steroidi na zebaki ni marufuku kwenye vipodozi. Mwaka 2019 vipodozi vikahamishiwa TBS, dawa zikabaki kwa TMDA. Sawa. Lakini tyubu ya mama mdogo ni dawa iliyokaa kwenye rafu ya vipodozi. Nani anaikagua? Sisi waandishi tunaitwa kupiga picha krimu zikiteketezwa, tunaandika tani ngapi, tunaondoka. Nami nimeandika habari hizo. Hakuna siku niliyouliza waliokwisha kupaka wafanye nini. Nakiri.

Na wewe unayesema "muone daktari wa ngozi", kituo kinachofundisha mabingwa hao kiko KCMC, Moshi, tangu 1992. Hesabu nauli ya Masoko hadi Moshi, halafu unicheke.

Ninachodai si kikubwa. Dawa ya cheti irudi kwenye duka la dawa. Maelekezo yaandikwe Kiswahili, herufi zinazosomeka. Na muuzaji, kabla ya kupokea hela, aulize: una mimba? Unashinda juani? Nani kakuandikia?

Harusi imepita. Mama mdogo alikaa jikoni, hakutaka kupigwa picha.