Vyeti vya Watoto Vitangulie Nauli

Kualikwa na ndugu walioko Omani kwenda kukaa nao miezi miwili au mitatu, pamoja na watoto wadogo, ni jambo la kheri, na sisi hatuna neno nalo. Neno letu ni juu ya desturi ya kutafuta nauli kwanza na kuziacha karatasi za watoto hadi wiki ya mwisho.

Pasipoti ya mtoto huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa. Tangu pasipoti za kielektroniki zilipoanza kutolewa mwaka 2018, ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Mwenye watoto watatu na apige hesabu mapema. Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa wetu iko Kibaha. Sisi wa Nyamwage tuna barabara ya lami, na Daraja la Mkapa lipo tangu mwaka 2003. Ndugu yetu wa Kiongoroni au Salale hungoja kwanza maji yajae, avuke hadi Nyamisati, kisha ndipo atafute gari. Akifika huko akaambiwa jina la baba katika cheti cha mtoto halilingani na lile la kitambulisho, safari yote imepotea. Herufi moja tu, Saidi na Said, yatosha kumrudisha mtu kisiwani.

Wazazi wapime pia majira. Shule za Omani hufungwa hadi mwisho wa Agosti, lakini likizo yetu ya katikati ya mwaka ni ya karibu mwezi mmoja. Mwenye mtoto wa darasa la kwanza asimchukulie mwenye mtoto wa kunyonya kuwa kigezo. Wakati huku ni kipupwe, joto la Muscat hupita nyuzi 40, na mtoto hatembezwi mchana. Atakayetimiza miaka 2 kabla ya kurudi hulipiwa kiti chake mwenyewe katika ndege. Na homa ikimpata huko, daktari aambiwe mara moja kwamba mtoto ametoka Rufiji, maana malaria yaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuondoka, na daktari wa nchi isiyo na mbu wetu huenda asiifikirie.

Lakini mzigo huu si wa wazazi peke yao. Mpango wa RITA wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka 5 bila malipo, katika vituo vya afya na ofisi za kata, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, ni mpango mwema. Mtoto aliyezaliwa dunguni msimu wa mpunga, mbali na zahanati, naye ni raia, na mama yake hawezi kuambiwa "njoo kesho" kana kwamba anakaa nyuma ya ofisi. Kesho yake ni bahari nyingine ya kuvuka.

Tunawaomba watendaji wa Kibiti na Utete wapange siku za kuandikisha na kusahihisha majina visiwani kwa kufuata kupwa na kujaa kwa maji, na tangazo la siku hizo libandikwe gatini Nyamisati na sokoni Muhoro kabla mwezi wa Januari haujaisha.