Muulizeni Mwenye Lori

Ndugu zangu wa nyumbani,

Nawaandikia kutoka Bologna, kaskazini mwa Italia, na mtanisamehe leo salamu zikiwa fupi. Tangu Juni 2025, wanaume wenye marungu walipoingia katikati ya Nairobi kwa pikipiki wakawapiga waandamanaji mchana peupe, nawasikia mkilizungumza jambo lile kama mnavyozungumza mvua: imenyesha, itaanuka. Jamani! Nani aliwanunulia mafuta? Nani aliwaahidi posho ya jioni? Kila nikipiga simu nasubiri mtu aulize hivyo, na kila mara naambiwa vijana wa siku hizi wameharibika.

Mji huu ninaoishi uliacha kuuliza, ukalipa. Ufashisti ulipoanzishwa Milano tarehe 23 Machi 1919, ulikuwa kikundi kidogo cha wanajeshi waliorudi vitani na watu wenye kinyongo, wakiongozwa na Benito Mussolini, mhariri aliyefukuzwa na chama chake cha Kisoshalisti. Katika uchaguzi wa Novemba mwaka huo hawakupata hata kiti kimoja. Mussolini mwenyewe, Milano nzima, hakufikisha kura 5,000. Wananchi walimpima wakamkataa. Basi nguvu ilitoka wapi?

Ilitoka mashambani, huku bonde la mto Po. Vibarua wa hapa walikuwa wamejiunga katika vyama vyao, na vyama ndivyo vilivyosema nani aajiriwe na kwa ujira gani. Oktoba 1920, baada ya mgomo wa miezi, wenye mashamba wa Bologna walilazimika kutia sahihi masharti ya vibarua. Hawakusahau. Tarehe 21 Novemba baraza jipya la Wasoshalisti, lililochaguliwa kwa kura halali, lilipokuwa likianza kazi katika jumba la mji, Palazzo d'Accursio, Wafashisti walijitokeza na silaha. Risasi zikalia, mabomu ya mkono yakarushwa kutoka ndani kwa taharuki, watu kumi hivi wakafa, na baraza lile halikupata kuongoza.

Baada ya hapo matajiri wa mashamba walifungua mifuko. Ferrara, mwendo mfupi tu kutoka hapa, kijana aliyekuwa ofisa jeshini, Italo Balbo, alipewa mshahara aongoze magenge. Malori yalitoka usiku na vijana wenye marungu na bastola, yakaingia kijijini, ofisi ya chama cha vibarua ikachomwa, katibu wake akatolewa kitandani mbele ya watoto, akapigwa, akanyweshwa kwa nguvu mafuta ya mbarika, yale ya kuharisha, ili asiweze tena kuinua uso mbele ya majirani. Polisi walitazama pembeni, na wako maofisa walioyapa magenge silaha na hata malori. Angelo Tasca, aliyeandika historia ya siku hizo, anahesabu kwamba katika nusu ya kwanza ya 1921 peke yake ziliharibiwa ofisi za vyama vya wafanyakazi 119 na vyama vya ushirika 107.

Sasa sikilizeni wazee, maana hapa nawasema ninyi. Giovanni Giolitti, waziri mkuu mkongwe, aliyajua yote haya, na Mei 1921 akawaingiza Wafashisti katika orodha yake ya uchaguzi akidhani atawatumia kisha awatupe. Wakapata viti 35. Oktoba 1922 magenge yakaelekea Roma. Serikali ikaandaa amri ya hali ya hatari, mfalme akakataa kuitia sahihi, na Mussolini akapanda treni kutoka Milano kwenda kukabidhiwa serikali akiwa na umri wa miaka 39. Januari 1923 magenge yaleyale yakafanywa jeshi la mgambo la taifa. Juni 1924 mbunge Giacomo Matteotti, aliyesimama bungeni kuusema wizi wa kura, alitekwa mchana akauawa. Kutoka malori ya wenye mashamba hadi maiti ya mbunge haikutimia miaka minne. Moto huo ulifika Ethiopia mwaka 1935, na vijana wetu wa jeshi la King's African Rifles walikwenda kuuzima mwaka 1941.

Waitalia walipoandika upya katiba, iliyoanza kutumika 1948, ibara ya 18 ilipiga marufuku vikundi vinavyofuata malengo ya kisiasa kwa mpangilio wa kijeshi. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 91, nayo inakataza chama cha siasa kuwa na mgambo. Nzuri sana. Lakini mnajua na mimi najua kwamba anayelipa magenge kwetu halipi kwa risiti ya chama. Hulipa mtu, kwa simu yake, na gari ni la shemeji yake.

Kwa hiyo nataka sheria moja kabla ya uchaguzi wa 2027, na nitawachosha nayo hadi mniblock. Ikithibitika mahakamani kwamba mtu amelipa, amesafirisha au amelisha genge la kupiga watu, asigombee cheo chochote kwa miaka kumi. Gari litaifishwe, lori, matatu au pikipiki, hata mwenyewe akidai alilikodisha tu. Kijana atakayesimama kizimbani amtaje aliyemtuma alindwe, apunguziwe adhabu, asirudishwe mtaani akavunjwe miguu. Tunajaza mahabusu watoto wa maskini na hakuna mheshimiwa hata mmoja anayeulizwa habari za pikipiki.

Mtaniambia, wewe uliondoka, unatufundisha kutoka kwenye baridi. Ni kweli niliondoka, na mpwa wangu alibaki. Ana miaka 19, hana kibarua, na mwaka jana alifuatwa na watu wa mbunge fulani. Shilingi mia tano na fulana. Alikataa kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimetuma karo. Wenzake watatu walikwenda. Sikuwatumia hao kitu, na mama zao ndio walionilea nilipokuwa mdogo.

Uchaguzi ukikaribia, waheshimiwa wataanza kuja kwenye harambee. Kabla hamjapokea bahasha, simameni mbele ya watu mmuulize mgombea kama ataiunga mkono sheria hii, ajibu kwa sauti, na mtu arekodi. Nitumieni video.