Maji ya urembo jangwani yakae chini

Simu za familia nyingi zilizohama makwao, hapa Goma na pembeni yake, zimekwisha kupokea picha ya namna hii: ndugu aliyepewa makao Marekani, katika mji wa Phoenix au Tucson, jimbo la Arizona, amesimama mbele ya maji yanayoruka juu. Nyuma yake ni jangwa. Mama aliyetoka kwenye foleni ya robine na bidoni zake anaangalia na kuuliza: kumbe huko maji ni ya kuchezea?

Swali hilo ni la haki. Phoenix haipati hata milimita 250 za mvua kwa mwaka. Sehemu ya maji yake inatoka katika mto Colorado, ambao umepungua sana tangu mwaka 2000. Kwa jua la huko, bwawa lililo wazi linaweza kupoteza karibu mita 2 za kina kwa mwaka, maji yakigeuka mvuke tu.

Lakini kukataza urembo wote wa maji si jibu. Mkaaji wa jangwa naye anahitaji kusikia maji yakitiririka. Kosa ni kuyarusha juu. Mji wa Fountain Hills, karibu na Phoenix, unayarusha hadi mita 170 hivi. Ni maji yaliyotumika na kusafishwa, hilo ni jema. Hata hivyo, upepo ukizidi yanazimwa, kwa sababu tone lililo juu linakauka haraka au linapeperushwa mbali.

Watu wa Iran walilielewa jambo hilo zamani. Katika bustani ya Fin, mji wa Kashan, pembeni ya jangwa, maji ya chemchemi yanapita ndani ya mifereji myembamba ya vigae vya buluu, chini ya kivuli cha miti. Yanaruka kidogo tu, yakisukumwa na mteremko, bila mashine. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika bustani hiyo, pamoja na nyingine 8 za Iran, kuwa urithi wa dunia.

Anayejenga leo afuate njia hiyo. Aweke jiwe pana, lisilofika magotini. Maji yachuruzike juu yake polepole, yapite kati ya kokoto, yaanguke ndani ya tangi iliyofukiwa na kufunikwa vizuri. Pampu ndogo iyarudishe juu. Hapo jua haliyafikii sana, mbu hawapati pa kutagia, mtoto hazami. Mti upandwe upande wa magharibi, maana jua la alasiri ndilo kali. Jiwe liwe la rangi nyeupe-nyeupe, ili chumvi inayobaki maji yanapokauka isionekane. Na pampu iwashwe jioni tu, watu wanapokaa nje.

Mkongomani aliyefika Arizona ana la kuwafundisha jirani zake, kwa kuwa amezoea kupima maji kwa bidoni. Tangi ya lita 200 ni bidoni 10, na kila bidoni anayoongeza anajua uzito wake mgongoni.

Urembo wa kadiri hiyo haumtukani mama aliye kwenye foleni. Kinachomtukana ni maji yanayorushwa angani ili wapita njia washangae, kisha yanachukuliwa na upepo.