Tuta Halijengwi kwa Fedha Pekee

Kila tunapojadili mafuriko darasani, hutokea sauti isemayo: "Waholanzi wamefaulu kwa sababu ni matajiri." Kauli hiyo hupendwa kwa kuwa humwondolea kiongozi lawama na raia wajibu. Mimi naipinga, na ushahidi wangu ni West Maas en Waal, manispaa ya vijijini katika mkoa wa Gelderland, Uholanzi.

Jina lake laeleza mahali ilipo. Kaskazini wapita mto Waal, kusini mto Maas, na katikati kuna vijiji, mashamba na malisho. Mito ikifurika, maji husimama juu kuliko mashamba, na kinachoyazuia ni tuta la udongo tu.

Je, tuta hilo ni la nani? Katika Enzi za Kati, sehemu nyingi za Uholanzi zilimgawia kila mwenye ardhi kipande cha tuta akitunze. Aliyeshindwa alichomeka sepetu yake tutani na kuiacha ardhi. Aliyeing'oa sepetu hiyo aliichukua ardhi pamoja na wajibu wake. Wakulima wale hawakuwa matajiri. Walikuwa na utaratibu, na walijua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Leo kazi hiyo iko mikononi mwa bodi ya maji iitwayo Waterschap Rivierenland, yenye makao katika mji wa Tiel. Serikali kuu huchangia miradi mikubwa, lakini bodi hutoza kodi yake yenyewe, na wakazi huwachagua wajumbe wengi wa baraza lake kila baada ya miaka minne, mbali na uchaguzi wa baraza la manispaa. Alalaye chini ya tuta hulipa, na alipaye hupiga kura.

Watakuja wengine na hoja nzito zaidi: kwamba sauti nyingi huchelewesha kazi. Hoja hiyo ina ukweli. Katika miaka ya 1970 na 1980, wakazi wa kando ya mito walipinga upanuzi wa matuta uliobomoa nyumba na kuharibu mandhari, na kazi ikasuasua. Mwaka 1995 maji yakapanda kiasi cha kuwalazimu watu wapatao 250,000 kuhama eneo la mito, wakazi wa West Maas en Waal wakiwamo. Matuta yalistahimili, lakini hofu ilikuwa ya kweli.

Nini kilifuata? Sheria ya kuharakisha uimarishaji wa matuta ilipitishwa mwaka huohuo. Baadaye ukaja mpango wa kuipa mito nafasi zaidi katika maeneo zaidi ya 30. Ucheleweshaji ule ulijadiliwa hadharani na kurekebishwa hadharani. Kosa lililofichwa ofisini halina bahati hiyo. Hugunduliwa siku maji yanapoingia chumbani.

Basi, mwanafunzi, ukiambiwa tena kwamba sisi tunakosa fedha tu, usiitikie upesi. Uliza kwanza: nani amewachagua wasimamizi wa mto huu? Kodi yake inakwenda wapi? Nani hulikagua tuta wakati wa kiangazi, kabla mvua haijanyesha? Pasipo majibu, hata hazina iliyojaa itasombwa na maji.