Hifadhi Humegwa Kimya Kimya

Mwaka 2019 mapori mawili ya akiba ya kwetu, Ibanda na Rumanyika, yalipandishwa hadhi yakawa hifadhi za taifa: Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Habari ile ilitufikia hata sisi tulioiacha Nyakatuntu zamani tukaja kuzeekea visiwani. Redio zilisema, magazeti yaliandika. Sikulalamika wala silalamiki leo. Ninachouliza ni hiki: siku hadhi hiyo ikiondolewa, au mpaka ukivutwa ndani kwa mwendo wa nusu saa, nani atakwenda kumwambia mkulima wa migomba wa Nyakatuntu?

Kwa sheria yetu, Rais hutangaza hifadhi ya taifa kwa ridhaa ya Bunge, na tangazo huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Hilo ndilo gazeti lenye nguvu kuliko yote nchini, na sidhani kama lipo lenye wasomaji wachache kuliko lenyewe. Halitundikwi kwenye vibanda vya sokoni wala halifungiwi maandazi. Atakayebahatika kulipata atakuta mpaka umeelezwa kwa nyuzi, dakika na vigingi. Na kwa miaka mingi, kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, nami kama mfasiri nilishangilia. Lakini tangazo lililofasiriwa likabaki kabatini ni sawa na shairi linaloghaniwa katika chumba kilichofungwa.

Tena tazameni maneno yenyewe. Kupandisha hadhi kuna jukwaa na ngoma. Upande wa pili tumejiokotea neno kumega. Mtu humega mkate, humega sima, hummegea mwenziwe kwa mapenzi. Neno hilo la jikoni limepelekwa msituni, nasi tukilisikia twadhani kuna mtu anakarimiwa. Kumbe kilichofanyika ni kufuta sheria iliyokuwa ikilinda kipande cha ardhi, na aliyefutiwa ulinzi ule ni umma mzima.

Januari 2019 Rais Magufuli aliagiza vijiji vilivyomo ndani ya maeneo ya hifadhi visiondolewe kwanza, akaunda kamati ya mawaziri. Baadaye tukaambiwa kwamba katika vijiji na mitaa 975, vitabaki 920, na sehemu za hifadhi zitamegwa kwa ajili yao. Uamuzi ule ulikuwa na huruma ndani yake, na anayetaka kuupinga aende kwanza akalale usiku mmoja na familia inayongoja kubomolewa nyumba. Ila idadi si mpaka. Kusikia 920 hakumwambii mtu kama shamba lake limeangukia ndani au nje ya mstari, wala msitu uliosalia unaanzia kwenye mti upi.

Watanijibu wenye kujibu: ardhi ikitoka kwa nyati ikaenda kwa binadamu ni neema, kelele za nini? Nawaomba wavuke nami Mto Kagera, upande wa pili wa Ibanda. Huko Rwanda, mwaka 1997, Hifadhi ya Akagera ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu, kutoka kilomita za mraba zipatazo 2,500 hadi 1,100 na ushei, ili wakimbizi waliorejea na mifugo yao baada ya mauaji ya kimbari wapate pa kukaa. Sababu ilikuwa nzito, nami si wa kuwahukumu. Lakini mto ule ni mmoja, na mnyama hana pasi ya kusafiria. Mimi, mzaliwa wa ng'ambo ya pili, nilikuja kuyajua hayo miaka mingi baadaye, nikifasiri waraka wa watu wengine kabisa. Asiyekuwepo na lake halipo. Je, aliyekuwepo asiambiwe?

Kenya ilitupa somo mwaka 2001. Serikali ilitangaza nia ya kuondoa takriban hekta 67,000 katika misitu ya hifadhi kabla ya kuziondoa. Kwa kuwa nia ilijulikana, Wangari Maathai aliweza kukusanya saini za kupinga, na Machi alikamatwa akizikusanya. Oktoba serikali iliendelea na lake. Wapinzani walishindwa mwaka ule, lakini walishindwa wakijua wanachonyang'anywa, na jina la kila msitu walikuwa nalo. Linganisheni na Amboseli: Septemba 2005, wiki chache kabla ya kura ya maoni ya katiba, waziri aliivua hadhi ya hifadhi ya taifa kwa tangazo tu. Ilibidi mahakama ije kulibatilisha baadaye.

Kwa hiyo nadai, wala siombi: tangazo la nia litangulie kalamu ya kufuta. Lisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji na libandikwe kwenye mbao za matangazo, pamoja na ramani inayotaja kijito na kilima kwa majina tunayoyajua. Na kwetu lisomwe pia kwa Kinyambo, maana wapo bibi wanaolima karibu na mipaka hiyo ambao Kiswahili changu hiki cha pwani kingewachekesha tu. Kazi ya kufasiri nitaifanya mwenyewe, bila ujira. Naomba tu niletewe karatasi kabla haijapigwa mhuri.