Si Kila Mlinzi ni Askari: Sitiari ya Kinga Katika Kiswahili

Tangu ukimwi uingie katika mazungumzo yetu, Kiswahili kimezoea kuziita seli za kinga "askari wa mwili". Sitiari hii imewafaa wauguzi na wagonjwa kwa kuwa inaeleweka upesi. Hata hivyo, ni maoni yangu kwamba haitoshi tena, na wa kulisema hilo ni sisi wanafunzi wa lugha.

Tuutazame utumbo mwembamba. Utando wake wa ndani una unene wa seli moja tu, na katikati ya seli hizo hukaa seli za kinga, takriban moja kwa kila seli kumi. Hapo hupita chakula na bakteria wasio na madhara kila siku. Askari wa kumshambulia kila mgeni angeiteketeza nyumba anayoilinda.

Seli T nyingi hutambua shabaha kwa kukagua vipande vya protini vilivyobebwa na molekuli za HLA. Lakini mwaka wa 2016, Adrian Hayday na wenzake mjini London walionyesha kwamba kundi moja la seli T za utumbo, ziitwazo gama-delta, huitikia protini mbili, BTNL3 na BTNL8, zilizo kwenye seli za utando wenyewe. Zinachotambua si ugeni bali uenyeji. Basi hizo ni mabawabu: kazi yao huanza kwa kuwajua wenye nyumba.

Huenda msomaji akauliza, neno moja lina uzito gani? Lina uzito mkubwa. Anayeamini kuwa afya ni wingi wa askari hununua kila dawa inayouzwa kwa ahadi ya "kuongeza kinga". Hajaelezwa kwamba katika ugonjwa wa siliaki, unaochochewa na gluteni ya ngano, ni kinga yake mwenyewe inayouharibu utumbo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sisemi tumfukuze askari. Zipo seli zinazoua, na jina hilo linazistahili. Ninachopendekeza ni kwamba waunda istilahi waketi na wanabiolojia, waulize kwanza seli inafanya nini, ndipo waipe jina. Fasihi imetufunza kuwa sitiari hufichua na kuficha kwa wakati mmoja. Tusiliache somo hilo kwenye ushairi peke yake.