Mwenye Duka la Nguo Anapogharamia Filamu

Mwaka 2020, Paris ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona, Mati Diop alibaki nyumbani kwake ghorofani akajirekodi filamu mwenyewe. Mwongozaji huyu Mfaransa mwenye asili ya Senegal alikuwa ametwaa Grand Prix ya tamasha la filamu la Cannes mwaka uliotangulia kwa filamu yake Atlantique. Katika In My Room anabadilisha mavazi, anatazama madirisha ya majirani usiku, huku ikisikika sauti ya bibi yake mzaa mama, aliyerekodiwa kabla ya kufariki, kumbukumbu zikiwa zimeanza kumpotea. Mavazi yale ni ya Miu Miu, na Miu Miu ndiyo iliyolipa.

Ni tangazo, na ni filamu nzuri mno.

Miu Miu, kampuni ya mitindo iliyoanzishwa na Miuccia Prada, imekuwa ikitoa filamu fupi za namna hii tangu 2011 katika mfululizo uitwao Women's Tales, zote zikiongozwa na wanawake. Sharti linalojulikana ni kwamba nguo za kampuni zionekane. Mengine huachiwa mwongozaji. Uhuru huo umezaa matunda. Lucrecia Martel wa Argentina aliwaweka wanamitindo melini katika Muta, akawanyima watazamaji sura zao, jambo ambalo wenye kuuza nguo kwa kawaida wasingelikubali. Agnès Varda aliongoza Les 3 Boutons akiwa amepita umri wa miaka 80. Haifaa al-Mansour wa Saudi Arabia naye alirudi kwenye harusi ya Riyadh ya miaka ya 1980: wanawake wanafika wamejifunika mabaibui meusi, na wakishaingia ukumbini magauni ya rangi yanajitokeza. Hapo nguo haijachomekwa kwenye hadithi kwa nguvu. Ukiiondoa, hadithi yenyewe haipo.

Linganisha na tangazo la Chanel No. 5 la mwaka 2004, lililoongozwa na Baz Luhrmann, mwigizaji akiwa Nicole Kidman. Lina fahari na mapenzi ya kukimbizana, lakini nembo ya kampuni inawaka juu ya paa, na kidani mgongoni mwa Kidman kinaning'iniza jina la manukato kwa almasi. Mtazamaji anakumbuka nembo kuliko hadithi.

Kampuni ya mitindo ya Saint Laurent imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2023 ilianzisha kampuni yake ya kutengeneza filamu, na Strange Way of Life ya Pedro Almodóvar, yenye dakika 31, ikaonyeshwa Cannes, mavazi yakiwa ya mbunifu wake Anthony Vaccarello. Baadaye pesa zake zilifika kwa David Cronenberg, Paolo Sorrentino na Jacques Audiard. Ni mafundi wakubwa, hakuna anayebisha. Lakini ni wanaume waliokwisha kutambuliwa duniani kote, ambao hawakosi mlango wa kubisha wakitafuta fedha. Fedha za mitindo zina thamani kubwa zaidi zinapomfikia mtu ambaye sinema bado haijamfungulia.

Mwongozaji Crystal Moselle ni ushahidi. Mwaka 2016 Miu Miu ilimlipia That One Day, filamu fupi kuhusu wasichana wanaoteleza kwa ubao wa magurudumu mitaani New York. Wasichana hao hawakuwa waigizaji. Walikuwa wakifanya hivyo kila siku. Moselle aliendelea nao, na mwaka 2018 wakatokea tena katika Skate Kitchen, filamu ndefu iliyozinduliwa kwenye tamasha la Sundance.